Kongosho na Saa Arobaini na Nane



Kongosho wengi hulisikia kisukari kinapotajwa. Limejilaza nyuma ya tumbo la chakula, na hutengeneza vimeng'enya ambavyo hutoka vikiwa vimelala, viamke vikifika utumboni. Jiwe la nyongo likiziba njia, au pombe ikikithiri, huamka vikiwa bado ndani, na kongosho huanza kujila lenyewe. Maumivu hushika chembe cha moyo, yakapenya hadi mgongoni. Mgonjwa anatapika, anaketi ameinama mbele kwa sababu kulala chali hakuwezekani. Huku kwetu Moshi ataambiwa kwanza kwamba ni vidonda vya tumbo.

Najua mnataka kuniuliza habari ya mbege. Mbege ya ndizi na ulezi si gongo, lakini kongosho halisomi jina la pombe. Linahesabu kiasi na miaka. Na mama asiyegusa tone naye huugua kwa mawe ya nyongo, kwa hiyo wakwe wasimhukumu kabla ya ultrasaundi.

Wagonjwa wanne kati ya watano hupona ndani ya wiki moja hivi. Shida ni kumjua yule wa tano mapema. Mwaka 1974, Ranson na wenzake wa New York walitoa vigezo 11: vitano vya siku ya kulazwa, sita vya kungoja saa 48, vingine vikihitaji kalisi na gesi za damu ya ateri. Mwaka 2008 ikaja hesabu fupi zaidi: urea, kuchanganyikiwa, dalili za mwili mzima kuwaka, umri uliopita miaka 60, na maji kando ya mapafu. Hii naipenda, maana sehemu yake kubwa inapimika hata wodini katika hospitali ya Kibosho.

Ndugu wa mgonjwa huja na karatasi ya maabara: "Daktari, lipesi imepanda mara kumi, atapona?" Kipimo hicho cha kimeng'enya cha kongosho hutambua ugonjwa, hakitabiri ukali wake. Hata picha ya CT ya siku ya kwanza yaweza kuonekana njema, nyama ya kongosho ikiwa tayari inakufa.

Kinachoua ni ogani kushindwa. Mgawanyo wa Atlanta wa ukali wa ugonjwa huu, uliopitiwa upya mwaka 2012, unataja tatu: mapafu, mzunguko wa damu na figo. Zikitetereka kisha zikatengemaa kabla ya saa 48, matumaini ni makubwa. Zikiendelea kushindwa baada ya hapo, ugonjwa ni mkali, na takriban theluthi ya wagonjwa wa namna hiyo, pengine zaidi, hufariki. Ndiyo maana naamini chati ya muuguzi inashinda alama yoyote inayohesabiwa mara moja. Saa mbili usiku pumzi 18 kwa dakika. Saa nane usiku 26, mapigo 118, na mfuko wa mkojo una vijiko vichache vya rangi ya chai ya rangi. Mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, figo zinalia. Wala tusisingizie mlima oksijeni ikishuka: Moshi mjini iko mita mia nane na ushei tu juu ya bahari. Oksijeni ya asilimia 88 kidoleni si ya kilele cha Kibo, ni ya mapafu.

Zamani jibu letu lilikuwa kufungulia dripu hadi mwisho. Utafiti wa mwaka 2022, uliofanywa Hispania, Italia, Meksiko na India, ulisitishwa mapema: waliomiminiwa maji kwa wingi walizidiwa nayo takriban asilimia 20, dhidi ya 6 ya waliopewa kwa kiasi, na ugonjwa haukupungua makali. Maji yapo kwenye tiba, ila yapimwe na kupitiwa upya kila baada ya saa chache.

Wenzangu wa hospitali za Kilema, Machame na Huruma, mnapomteremsha mgonjwa hospitali ya rufaa ya KCMC, msiandike "maumivu ya tumbo" peke yake. Andikeni saa maumivu yalipoanza, pumzi, mapigo, shinikizo, oksijeni na mkojo, kila kipimo na saa yake. Na msingoje saa 48 ziishe: pumzi zikipanda au mkojo ukipungua licha ya dripu, mleteni usiku huohuo.