Silaha iliyobebwa mabegani

Maneno ya mtumishi wetu wa uwanjani kwa familia zilizohama kutoka Pweto na Mitwaba, Lubumbashi



Wengi mmeniuliza: turudi kulima kabla ya mvua? Kabla ya kujibu, tuongee kwanza juu ya silaha za milimani.

Wazee wanajua habari ya Tabora. Mwaka 1916 Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur aliyewahi kutumikia hapa Katanga, ilipita milima ya Rwanda na Burundi, ikaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Ilikuwa na mizinga ya milima ya milimita 70, inayofunguliwa vipande vipande. Kule Ulaya vipande vya namna hiyo vilibebwa na nyumbu. Huku wanyama walikufa kwa mbung'o, basi mzigo wa vita uliangukia wapagazi, babu zetu. Wengi hawakurudi. Jenerali alipewa jina la Tombeur wa Tabora. Majina ya wapagazi nani anayajua?

Leo kazi ile inafanywa na motari: bomba, miguu miwili na sahani ya chuma. Watu watatu wanaibeba mahali gari haifiki. Bomu linarushwa juu sana, linaanguka nyuma ya kilima, kilomita 3 ama zaidi. Ndiyo sababu kujificha bondeni hakukusaidia. Lakini likianguka kwenye matope, pengine halipasuki. Linabaki pale na mabawa yake madogo nyuma, linashika kutu, na bado linaweza kuua. Vita vya Pweto vilikuwa Desemba 2000. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima, analima.

Kijana mmoja hapa mjini alikuja na bomu zima ndani ya mfuko wa vyuma. Aliliokota kwao, akataka kujua kilo ni bei gani. Sikumgombeza, njaa ni njaa. Tulitoka nje wote, tukaita wataalamu.

Watu wanaogopa watoto wanaochezea chuma, na ni haki. Mimi naogopa zaidi moto. Sisi tunachoma majani kabla ya kulima, na bomu lililofunikwa na udongo kidogo likipata moto linaweza kupasuka. Ukiliona, usiliguse wala usilitupie jiwe. Rudi kwa nyayo zako, weka alama mbali nalo, umwambie mkubwa wa kijiji.

Basi jibu langu: siwezi kusema rudini wote. Mashamba ya zamani yaliyolimwa kila mwaka na waliobaki, sawa. Pori jipya na vilima walivyolala askari, bado, hata kama mvua imefika. Najua maneno haya ni machungu kwa mwenye watoto wa kulisha.

Wakubwa wa vijiji, mbaki hapa kidogo. Tutachora vijiji vyenu chini kwa kijiti, na kila mmoja ataonyesha kilima alikosikia mizinga ikilia.