Bibi Aliyefyeka Pori



Mwulize kijana wa Kisukuma aliyekulia mjini akutajie babu zake. Huenda akataja wanne au watano bila kukwama. Sasa mwulize majina ya bibi zake. Akimvuka wa pili, mnunulie soda. Wengi watakujibu: "Huyo alikuwa mke wa babu." Basi, imekwisha. Mtu aliyelima, akazaa na akazika, amebaki kuwa mke wa babu.

Nami nilipoanza kumtafuta mama yake bibi yangu, nilikuwa na habari mbili tu: kwamba alitoka Shinyanga, na kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufyeka pori katika kijiji chetu, upande wa Geita.

Safari hiyo hakuisafiri peke yake. Katika miaka ya 1920 na 1930, watu wa Shinyanga walihimizwa kukata mapori ili kuwafukuza mbung'o. Mtemi Makwaia wa Busiha aliwatoa watu wake, na Mwingereza mmoja aitwaye Swynnerton aliongoza utafiti. Mbung'o wakarudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, na watu nao wakaongezeka. Reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikapata njia ya kwenda sokoni. Miaka ikapita, ardhi ikachoka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, na kaya nyingi zikahamia magharibi, Geita, kutafuta mashamba na malisho. Huko mgodi wa dhahabu ulikuwa tayari unafanya kazi. Mgodi ule wa zamani ulifungwa mwaka 1966.

Hayo yote yameandikwa. Watemi wametajwa, mabwana shamba wametajwa, wenye mgodi wametajwa. Lakini jembe lilikuwa mkononi mwa nani?

Maandishi hayakunisaidia. Kodi ya wakati wa Mwingereza ilimhusu mwanamume. Mke alihesabiwa pale mume alipokuwa na wake zaidi ya mmoja, kwa sababu aliongezewa kodi. Rejesta za ubatizo za misheni zina nafuu, maana huandika jina la mama wa mtoto. Lakini bibi yetu hakubatizwa, wala watoto wake.

Kilichonisaidia ni ng'ombe. Wazee wetu wanaweza kusahau mwaka, lakini hawasahau ng'ombe wa mahari: walikuwa wangapi, walitoka zizi gani, na walikwenda kumwolea kijana gani. Huku Geita, kwa wakwe zake, bibi alijulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza tu. Nikafuata ng'ombe wake kurudi Shinyanga. Walikuwa wametumika kumwolea kaka yake. Wajukuu wa kaka huyo wanalijua jina lake, na jina la baba yake, na wamempa binti mmoja jina hilo. Kwao ni deni. Bila bibi yule, bibi yao asingeolewa.

Majina nayo ni kalenda. Kabula amezaliwa wakati wa mvua. Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata ni Shija. Katika orodha ya watoto wa bibi yumo Shija, lakini mapacha hawamo. Nilipouliza, mama mmoja mzee wa ukoo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema walizikwa Shinyanga, kabla ya kuhama. Wanaume wa ukoo hawakuwa na habari hizo.

Mama huyo ndiye aliyeniambia pia kwamba mume wa bibi alifariki kabla pori halijawa shamba. Aliyelimaliza ni bibi na wanawe. Lakini shamba hilo mpaka leo linaitwa la babu.

Msikilizaji, usidhani hili ni jambo la majina tu. Mila zilizoandikwa kuwa sheria mwaka 1963 zinamweka mjane pembeni katika urithi. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliotolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume zao, walizipinga mahakamani, kisha wakafika mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 ilikubaliana nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini penye ugomvi wa shamba watu huuliza: nani alifyeka hapa? Kama jibu la ukoo siku zote ni "babu", mjane ameshindwa kabla hajasimama.

Na shahidi ni nani? Ni wale akina mama wazee. Hapa ndipo pana uchungu. Shinyanga iliyokatwa miti iliwaachia wanawake kuni haba. Wengi wakapikia mavi ya ng'ombe, na moshi ukawapiga machoni miaka nenda miaka rudi. Macho yakawa mekundu. Na kwa macho hayo mekundu, Shinyanga, Mwanza na Geita, vikongwe wameitwa wachawi, wakakatwa mapanga usiku. Mama mzee aliyenisimulia habari za mapacha ana macho hayo hayo. Mlango wake huufunga jua lingali juu.

Tunalia kwamba hatuna historia, huku wanaoishika kichwani tunawaua. Anayemwua bibi wa jirani kwa panga anafukia na shauri la shamba, na majina ya watoto waliokufa, na habari za nani alimwolea nani.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda nyumbani likizo, chukua sukari na kitenge kama kawaida, lakini ongeza daftari. Usianze na babu. Kaa na bibi, mwulize mama yake aliitwa nani, binti wa nani, aliolewa kwa ng'ombe wangapi, na wakaenda wapi. Andika mbele za watu, majirani waone. Kijiji kikiona watoto wa mjini wanakuja kumsikiliza, kitajifunza kumtazama kwa jicho jingine.