Mpe Kila Mtu Kinywa Chake: Mazungumzo ya Wahusika Katika Hadithi

(Mada iliyotolewa mbele ya waandishi na waigizaji vijana wa kambi, na kuchapishwa katika toleo hili la kumbukumbu kwa idhini ya Kamati ya Jamii)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna mwandishi anavyoweza kutumia mazungumzo ya wahusika kuonyesha tabia zao. Huenda mtu akauliza: sisi tunaongojea mgao, kuni na majibu ya ofisi, mambo ya hadithi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, na nitaeleza sababu kabla ya kumaliza.

Jambo la kwanza. Mwandishi asiyezoea huandika hivi: "Mama yule alikuwa mchoyo." Basi, imekwisha. Msomaji ameambiwa, lakini hajaona kitu. Sasa sikilizeni:

– Hodi, mama. Naomba chumvi kidogo, yetu imekwisha.
– Karibu, jirani. Lo, chumvi! Yangu imekwisha jana. Hiyo unayoiona kwenye kopo ni ya mgonjwa.
– Pole sana. Nani anaumwa?
– Hajaugua bado. Lakini hapa kambini ugonjwa hauchelewi.

Neno "mchoyo" halimo. Hata hivyo mama huyu mmeshamjua, na nadhani wengine mmeshamkumbuka. Tena mmejua zaidi ya uchoyo wake: ni mwepesi wa akili, ana adabu ya mdomoni, na ana hofu ya kesho. Hofu hiyo ndiyo inayotufanya tusimchukie kabisa. Neno moja la msimulizi lingemhukumu. Maneno yake mwenyewe yanamweka mbele yetu akiwa mtu mzima, mwenye ubaya wake na sababu zake.

Jambo la pili. Kila mhusika awe na kinywa chake. Katika kambi yetu hatuna shida ya kutafuta mifano. Simameni bombani asubuhi. Mmoja anasema "dumu langu", mwingine anasema "bido yangu", na chombo ni kilekile cha lita 20. Aliyesema "bido" huenda ametoka Uvira au Bukavu. Mzee wa kwetu husema "batoto banalala", lakini mjukuu wake aliyesoma hapa husema "watoto wamelala". Ukiwaandika wote wawili kwa Kiswahili cha kitabu, umewafuta. Lakini msizidishe. Maneno mawili matatu ya kwao yanatosha kumtambulisha mtu. Ukijaza ukurasa mzima, msomaji atachoka, au atadhani unamcheka mzee.

Angalieni pia namna watu wanavyoitana. Mume anayemwita mkewe "mama watoto" mbele ya wageni, kisha ndani akamwita "wewe", ameshajieleza. Kijana anayesema "shikamoo" kwa mzee mwenye cheo, akampita mzee wa kawaida bila salamu, naye ameshajieleza. Huna haja ya kuongeza maelezo.

Jambo la tatu. Mtu mmoja ana vinywa zaidi ya kimoja. Mchukueni baba aliyekwenda kuulizia kadi. Dirishani anasema: "Samahani, mheshimiwa, kama una nafasi, jina la mtoto wangu halionekani kwenye kadi." Jioni anamwambia mkewe: "Nimewaambia wazi wazi, kesho nalitaka jina la mtoto!" Usiku mtoto anauliza, naye anajibu: "Jina lako lipo, mwanangu. Lala." Je, huyu ni mwongo? Msomaji ataamua. Mimi naona mtu anayejaribu kubaki baba mahali ambapo ubaba wake unategemea kipande cha karatasi. Kwa hiyo, mpelekeni mhusika wenu kwa watu tofauti, mmsikie anavyobadilika.

Jambo la nne, nalo ni gumu kuliko yote. Watu wenye uchungu mkubwa mara nyingi hawautaji. Vijana wengi huandika: "Ee, nina huzuni, nimempoteza mwanangu!" Waliofiwa na waliopotelewa wako hapa, wanasema hivyo kwa jirani kila siku? Sikilizeni wazee wawili siku ya kupokea barua za Msalaba Mwekundu:

– Mzee, umepata habari za kijana wako?
– Turubai hili linavuja upande wa mashariki.
– Nauliza habari za kijana, mzee.
– Ndizo nakwambia. Linavuja palepale anapolala.

Hakusema "alipokuwa akilala". Amesema "anapolala". Katika neno hilo moja kuna kitanda ambacho hakijaondolewa. Mwandishi akiongeza hapo kwamba mzee alikuwa na huzuni, ameharibu.

Wakati mwingine tabia huonekana katika neno ambalo mhusika amekataa kulisema. Ebrahim Hussein, katika tamthiliya ya Kinjeketile iliyochapishwa mwaka 1969, anaeleza habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa akanushe habari ya maji. Anakataa, kwa kuwa anajua adui atayatumia maneno hayo kuwaambia watoto wa kesho kwamba wazee wao walikosea kupigana. Katika kukataa huko ndipo tunapomfahamu barabara.

Sasa niwape mambo machache ya kazi. Someni mazungumzo yenu kwa sauti. Ulimi ukikwama, rekebisheni. Fichani majina ya wasemaji kwa mkono. Kama hamuwezi kujua nani anasema, bado wote wanatumia kinywa cha mwandishi. Salamu zote za asubuhi msiziandike, isipokuwa salamu yenyewe ina jambo ndani yake. Na katika maigizo yetu ya afya, mama asiseme kama bango la ukutani: "Ndugu zangu, tunawe mikono ili kuepuka kipindupindu." Mama halisi husema: "Mkono huo umetoka wapi, nawe unaushika ugali?" Ujumbe ni uleule, ila wa pili watu wataucheka na kuukumbuka.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanzo. Sisi tumehojiwa mara nyingi. Tumeulizwa jina, kijiji, mwaka wa kuvuka, idadi ya watu wa nyumba. Tumejibu tulichoulizwa, na majibu yetu yamekuwa tarakimu. Sisemi hivyo kulaumu. Fomu kazi yake ni kuhesabu, na bila hesabu hakuna mgao. Lakini katika taarifa watu elfu husema sentensi moja: "Wakimbizi walisema wanahitaji maji." Yule mwenye kopo la chumvi hayumo. Mzee wa turubai hayumo. Watoto wetu wakitaka kujua bibi zao walikuwa watu gani, walivyotania, walivyogomba, walivyonyamaza, hawatayapata katika faili. Watayapata tukiyaandika sisi.

Hapo pana onyo. Hadithi ni ya kubuni, lakini jirani yako si wa kubuni. Neno lililosemwa kwa siri, likichapishwa jinsi lilivyo, linaweza kumletea mtu hatari hapa au nyumbani alikotoka. Badilisheni majina, vijiji na matukio. Changanyeni vinywa vya watu watatu mpate mhusika mmoja. Chukueni namna ya kusema, siri mwachieni mwenyewe.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi moja dogo. Mtu akiulizwa habari za mwanawe akajibu habari za paa, msiandike kwamba hakujibu.

Vijana, kazi ya wiki hii ni mistari kumi ya mazungumzo kati ya watu wawili wanaotaka kitu kimoja, bila maelezo ya msimulizi. Leteni Jumamosi, tusomeane.