Mbiu, Mwano na Mipaka ya Wapokeaji: Mfano wa Bariadi



Methali ya Kiswahili yasema: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe ya mnyama inayopulizwa ili kuwaita watu. Mgambo, kwa maana yake ya zamani, ni tangazo kwa umma. Msikilizaji wa leo, akilisikia neno hilo, huwafikiria kwanza askari wa mgambo, kwa kuwa Tanzania ililipa neno hilo kazi mpya ilipounda Jeshi la Mgambo katika miaka ya 1970. Methali yenyewe haikubadilika. Inadai kwamba wito wa hadhara hautolewi bure. Mhadhara huu unauliza ni masharti gani huufanya wito uaminike, na unajibu kwa kuangalia wito mmoja wa Usukumani.

Katika vijiji vya Bariadi, wilaya iliyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo uundwe mwaka 2012, wito wa hatari huitwa mwano. Ng'ombe wakiibwa au nyumba ikivamiwa, mwenye mji hupiga yowe. Jirani anayelisikia hulipokea kwa sauti yake mwenyewe, kisha hukimbilia linakotoka. Wa mbali zaidi hufanya vivyo hivyo, hata wito ukavuka kijiji.

Mwano una mipaka mitatu, ingawa haikuandikwa popote. Wa kwanza ni wa sikio: kila sauti ina umbali wake, hivyo wito huwafikia kwanza walio karibu na wenye uwezo wa kusaidia. Wa pili ni wa mwitaji: anajulikana kwa sauti na kwa mji wake, na watu wakifika bila kukuta jambo, wanajua wa kumuuliza. Wa tatu, ulio muhimu kuliko yote, ni wa mpokezi. Anayeupeleka wito mbele huupeleka akiwa njiani kuuitikia. Hawezi kuupokeza na kubaki amekaa. Kila anayeongeza idadi ya wapokeaji huongeza pia mzigo wake mwenyewe.

Utaratibu huo ndio uliowapa nguvu sungusungu, vikundi vya ulinzi vilivyoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Mwaka 1989 Bunge lilivitambua kwa kuzifanyia marekebisho sheria za mgambo. Hivyo mwano wa Kisukuma na mgambo wa Kiswahili vilikutana ndani ya sheria.

Hata hivyo, mwano usisifiwe kupita kiasi. Ni katika maeneo hayohayo ya Usukumani ambako vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Kundi linaloitika haraka linaweza pia kuua haraka. Jambo hili si la Wasukuma peke yao. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watu watatu waliofika kwa kazi ya utafiti wa kilimo waliuawa na wanakijiji baada ya uvumi kwamba ni wanyonya damu. Wito ulikuwapo na waitikaji walikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuuzuia kwa swali moja: nani ameona, na ameona nini?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu wito uhamie kwenye simu. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo duniani kote: ujumbe uliopokelewa usipelekwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo iliruhusu kundi moja liwe na watu 1,024. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha taarifa za uongo, na ina kifungu kuhusu ujumbe usioombwa. Kikomo cha idadi hupunguza kasi, na adhabu hutia hofu. Lakini hofu hiyo inaweza kumnyamazisha hata mwenye jambo la kweli, na namba tano haijui kama nyumba inaungua au haiungui. Vyote viwili havirudishi kile alichokuwa nacho mpokezi wa mwano: gharama ya miguu yake.

Lugha yenyewe imeonyesha tofauti hiyo. Kitenzi kupokeza kimejengwa juu ya kupokea: kina mtu anayetoa na mtu anayepokea, na kila mmoja ana mkono wake katika kazi. Kitenzi kinachotawala siku hizi ni kusambaza, na kinachosambazwa huenda pande zote bila kuhitaji mkono wa kukipokea. Anayesema "nimesambaza tu" amekwisha kujitoa katika wajibu.

Kwa hiyo msimamizi wa kundi anayeuzuia ujumbe mpaka apate jina la aliyeona na mahali alipoona hazuii uhuru wa kusema. Anarudisha masharti ambayo chini yake methali ya mbiu ilikuwa kweli. Wanafunzi wa Kiswahili watakaokwenda Simiyu kukusanya msamiati wa wito wasiishie kuandika maneno yanayotumika kuita. Waandike pia nani huruhusiwa kuita, nani hulazimika kuitika, na anayeita bure hufanywa nini.