Kusoma Hakuishii Darasa la Pili

Mada yetu inawahusu watoto wa umri wa miaka 12 hadi 15, wale wa darasa la sita na la saba pamoja na wale walioingia Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kila mtu mzima ana lalamiko lake juu yao, na lililozoeleka kuliko yote ni kwamba hawajui kusoma. Ninadai kuwa lalamiko hilo lina ukweli nusu. Wengi wao wanajua kusoma, kwa maana ya kutamka kilichoandikwa. Ambacho hawajui ni kuliingia andiko refu, kulielewa, kulihoji na kutoka nalo wakiwa na jambo ambalo hawakuwa nalo kabla. Hawajui kwa sababu hatukuwafundisha, na hatukuwafundisha kwa sababu shule zetu zinahesabu kusoma kuwa kazi iliyokwisha mtoto akivuka darasa la pili.

Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo, uliowapima watoto majumbani nchi nzima, ulituamsha usingizini. Mtoto mmoja kati ya watano waliokuwa wanamaliza elimu ya msingi hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na kwa Kiingereza walioshindwa walifika nusu. Serikali ikajibu. Mwaka 2015 ulianza mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu KKK, kwa madarasa mawili ya mwanzo, na miradi kadhaa ikaelekezwa huko. Mkoa wetu wa Tanga umo katika mmojawapo, Shule Bora. Hatua hiyo ilikuwa sahihi na sina ugomvi nayo. Lakini zitazameni takwimu zile kwa jicho la pili: wanne kati ya watano waliweza kusoma hadithi ile ya Kiswahili. Tungetegemea basi kwamba waliochaguliwa kwenda sekondari, ambao kwa kawaida ndio waliofanya vizuri zaidi, wangesoma bila taabu. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, kabla hayajapangwa upya, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Sababu zilikuwa nyingi, na lugha ya kufundishia ni mojawapo, nitaifikia. Hata hivyo wengi wa vijana wale walikuwa wameshavuka mtihani wa kusoma tuliouamini, na mtihani huo haukutuambia lolote kuhusu kitakachowapata mbele ya ukurasa wa biolojia.

Kiswahili chenyewe kinatuficha tatizo. Maandishi yetu ni mepesi: silabi inasomwa kama ilivyoandikwa, na mtoto aliyezishika anaweza kusoma kwa sauti neno ambalo hajawahi kulisikia. Mzazi anasikia sauti imenyooka, anaridhika. Mwalimu naye anaridhika. Sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika na jambo hili, maana tumelijua kwa karne nyingi. Mtoto wa madrasa anahitimu juzuu baada ya juzuu kwa tajwidi safi bila kujua Kiarabu, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu kisomo hicho ni ibada na kina thawabu yake. Lakini masheikh hawakukomea hapo. Aliyetaka elimu alikwenda kwenye darsa: sheikh anasoma mstari, anaufasiri, anaeleza neno gumu, anarejea alikotoka, mwanafunzi anauliza, kisha ndipo mstari wa pili unafuata. Kurasa chache zinaweza kula mwezi mzima. Mji huu wa Tanga, basi, una mapokeo ya namna zote mbili za kusoma na unajua tofauti yake. Shule imechukua ile ya kwanza na kuiacha ya pili.

Tazameni kinachofanyika baada ya darasa la pili. Kiswahili kina zoezi la ufahamu: habari fupi na maswali matano ambayo majibu yake yananakiliwa kutoka katika sentensi zilizomo. Katika masomo mengine mwanafunzi hasomi kabisa. Mwalimu anaandika notisi ubaoni, au anampa kiranja daftari aziandike yeye, darasa linanakili, na mtihani ukikaribia kila mmoja anakariri alichonakili. Kijana anaweza kumaliza Kidato cha Pili bila mtu yeyote kukaa naye juu ya kurasa tatu mfululizo za kitabu.

Nikisema kusoma kufundishwe, kuna atakayedhani nataka kipindi kipya kwenye ratiba, kinachoitwa Stadi za Kusoma. Sitaki. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane habari ya mchezo wa besiboli waisome. Baadhi walikuwa wasomaji hodari, wengine dhaifu. Na katika kila kundi kulikuwa na wanaoujua mchezo na wasioujua. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo waliielewa habari ile na kuikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nasi tuna ushahidi huo hapa hapa: kijana anayeitwa mzito darasani anasoma gazetini habari ya Coastal Union kucheza Mkwakwani, na anaweza kukwambia mwandishi kakosea wapi. Ufahamu hauelei hewani, unakaa juu ya maarifa ya jambo lenyewe. Kwa hiyo ukurasa wa jiografia atakayeufundisha kusomwa ni mwalimu wa jiografia, na wa historia ni mwalimu wa historia. Mwalimu wa lugha peke yake hawezi.

Mwalimu wa somo afanyeje? Chukueni aya moja ya somo linalotuhusu. Inasema kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg, na kwamba iliyofika hai ilikuwa 62. Kwamba zao hilo likaenea na kuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Tanga. Na kwamba kamba za nailoni zilipoingia sokoni bei ikaanguka. Uliza ni miche mingapi ilipona, darasa zima litanyoosha mikono. Uliza mashamba yale makubwa yalitokana na miche mingapi, na mikono itapungua, kwa sababu aya haikusema; msomaji anatakiwa aunganishe mwenyewe. Uliza kwa nini nailoni imdhuru mkulima wa mkonge, na atakayejibu ni yule anayejua kwamba mkonge ulikuwa ukisokotwa kamba. Maswali haya mawili ya mwisho ndiyo kusoma ninakokuzungumzia. Wala si kipaji. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha kazi yao na wanafunzi wa darasa la saba huko Illinois, watoto waliosoma kwa sauti vizuri ila hawakuelewa. Waliwaweka katika vikundi vidogo, watoto wakapokezana kuwa mwalimu: anayeongoza anaeleza kiini cha aya kwa ufupi, anauliza swali, anafafanua palipo na utata, anabashiri kinachofuata. Baada ya siku zipatazo 20 za kazi hiyo ufahamu wao ulipanda, na ulipanda hata katika masomo ambayo watafiti hawakuyagusa. Mtu wa darsa angeitambua njia hiyo mara moja.

Sasa nije kwenye pingamizi, na zito zaidi ni la lugha. Mzazi atasema: mwanangu Kiswahili anakijua, kinachomwangusha ni Kiingereza, muda wote uende huko. Ni kweli kwamba Kiingereza kinamwangusha. Ripoti ya Criper na Dodd ilikwisha kusema mwaka 1984 kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakitoshi kubeba masomo yao. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 sekondari zifundishe kwa Kiswahili, pendekezo likakataliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ikafungua tena mlango huo, na mpaka leo sekondari zinafundisha kwa Kiingereza. Mimi naona Tume ya Makweta ilikuwa sahihi, lakini hoja yangu haisubiri siku hiyo. Kijana ambaye hajui kutafuta kiini cha aya kwa lugha aliyonyonya hawezi kukitafuta kwa lugha anayoibahatisha. Mbele ya ukurasa wa Kiingereza atakuwa na matatizo mawili kwa pamoja na atayaona kuwa moja. Stadi zile nne za kueleza kiini, kuuliza, kufafanua na kubashiri ajifunze kwanza kwa andiko la Kiswahili, kisha azihamishe. Na Kiingereza chenyewe kinakua kwa kusomwa kwa wingi. Huko Fiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza katika kila darasa la nne na la tano walilolichagua, katika shule za vijijini ambako Kiingereza ni lugha ya pili. Baada ya miezi minane watoto wale walikuwa wamepiga hatua katika kusoma mara mbili ya kawaida. Mwaka uliofuata faida hiyo ikaonekana hata katika masomo mengine.

Mwalimu atanijibu kwamba Fiji walipewa vitabu, yeye ana darasa lililofurika na muhtasari ambao lazima aumalize. Kuhusu msongamano, ndiyo maana nimetaja vikundi: wanafunzi 60 hawawezi kumsemesha mwalimu mmoja, lakini vikundi 12 vya watano watano vinaweza kusomeshana huku yeye akipita katikati. Kuhusu muhtasari, nauliza kumaliza ni nini ikiwa kilichomalizwa ni chaki. Kuhusu vitabu, upungufu ni wa kweli na serikali inadaiwa. Ila aya moja ya gazeti iliyoandikwa ubaoni inatosha kuanzia, na gazeti si geni hapa; kwenye shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, kulichapwa Kiongozi, gazeti la Kiswahili kabisa. Tunayo maktaba ya mkoa. Tunaye Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, ambaye wanafunzi wanamjua kama mshairi wa kujibia mtihani ilhali nathari yake ni miongoni mwa nyepesi na nyoofu kuliko zote za kuanzia safari hii.

Sera mpya ya elimu inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 badala ya 7. Mtoto atafika Kidato cha Kwanza akiwa mdogo kwa mwaka mzima, mbele ya vitabu vya lugha ile ile. Wakuu wa shule hawahitaji waraka kutoka Dodoma ili kuamua kwamba kuanzia muhula ujao kila mwalimu, wa kila somo, atenge kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma andiko pamoja na darasa lake bila kuandika notisi. Nanyi wazazi, mwanenu akirudi nyumbani msimuulize leo mmeandika nini. Muulizeni amesoma nini, na mwandishi alitaka kusema nini.