Mbegu Zinazongoja Baridi



Mkulima aliyezoea mahindi hutazamia kuiona miche yake kabla ya majuma mawili kupita. Isipoota, husema mbegu ilikuwa mbovu, akapanda nyingine. Lakini ziko mbegu ambazo mkulima huyo angezitupa bure, nazo ni mbegu za maua ya milima ya Alps, huko Ulaya.

Maua hayo ni mimea mifupi iotayo kati ya miamba, juu kupita mahali miti inapokoma. Mojawapo ni edelweiss, lenye manyoya meupe. Jingine ni gentiana, lenye rangi ya buluu iliyokoza. Watu wengi wa Ulaya hujenga bustani za mawe karibu na nyumba zao, wapate kuyapanda humo.

Katika karne ya 19 mapenzi hayo yalileta hasara. Mimea iling'olewa milimani na kuuzwa mijini, na mingi ilikufa. Ndipo mwaka 1883 Henry Correvon, mtunza bustani wa Geneva katika nchi ya Uswisi, alipoanzisha chama cha kuilinda. Fundisho lake lilikuwa hili: atakaye maua ya mlimani na ayakuze kwa mbegu, auache mmea mama mahali pake.

Kazi yenyewe si ya gharama. Hutakiwa chungu chenye tundu chini, na udongo uliochanganywa na mchanga wa chembe kubwa, kusudi maji yasituame. Mbegu hutawanywa juu yake, kisha hufunikwa kwa changarawe ndogo, ili mvua isizichukue. Hayo hufanywa mwezi wa Desemba au Januari, na chungu huachwa nje katika baridi kali.

Mtu huweza kuuliza: Mbona mbegu itiwe katika baridi? Sababu ni kwamba mbegu hizo huiva kabla ya majira ya baridi. Kama zingeota mara moja, miche michanga ingekufa katika theluji. Kwa hiyo nyingi zimefungwa kwa kizuizi cha ndani, nacho hakilegei mpaka zikae majuma kadhaa katika baridi na unyevu. Pasipo na baridi ya kutosha, wakulima huzichanganya na mchanga wenye unyevu, wakaziweka katika friji yenye digrii 4 hivi kwa majuma sita au zaidi.

Hata hivyo, nyingine hukawia. Majira ya joto hupita chungu kikiwa kitupu, kisha miche hutokea mwaka wa pili. Hapana budi chungu hicho kiendelee kutiwa maji na kulindwa na jua kali.

Basi, mkulima mwenye haraka hukimwaga chungu, akaenda kununua mmea ulioibwa mlimani. Mwenye subira hupata maua yake, na mlima nao hubaki na yake.