Mafuta Mazuri ya Nazi Huanzia Shambani

Leo tutazungumza juu ya mafuta ya nazi. Lakini sitaanzia kwenye kinu wala kwenye sufuria. Nitaanzia chini ya mnazi, maana huko ndiko mafuta yanakopatikana, na huko ndiko yanakopotea.

Kila ninapopita vijijini nakutana na lalamiko moja. Mkulima anasema gunia la mbata ni lile lile, kinu ni kile kile, lakini mafuta yamepungua, tena yana harufu, na mnunuzi ameshusha bei. Huenda mnunuzi anapunja kweli. Lakini kabla hujagombana naye, ndugu yangu, hebu kwanza tulikague shamba.

Jambo la kwanza ni wakati. Upunga ukifunguka leo kutoka kwenye karara, nazi yake itakomaa baada ya miezi 12 hivi. Unajua mwenyewe safari yake: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Nyama huanza kujijenga karibu na mwezi wa sita, laini kama uji mzito. Mafuta hujaa mwishoni kabisa. Tena ule upunga uliumbwa ndani ya mnazi muda mrefu kabla hujauona. Kwa hiyo ukame mkali hauishi siku mvua inaponyesha. Mnazi huendelea kuulipia hata miaka miwili baadaye. Anayepalilia mwezi mmoja kabla ya kuangua amechelewa.

Wenzetu wa nchi za Mediterania wanaolima mizeituni, maji na joto la shambani hubadili hata ladha ya mafuta yao. Kwetu si hivyo sana. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, mnazi uwe wa Kigombe au wa Kipumbwi. Shamba letu linaamua zaidi kitu kingine: idadi ya nazi, na unene wa nyama iliyomo ndani ya kifuu. Nyama nyembamba haina mafuta, hata ukamue mpaka kesho.

Sasa, nyama nene hutoka wapi? Hutoka kwenye maji na potashi. Mnazi unapenda sana potashi, na kila gari la nazi linaloondoka huichukua. Ukilima mihogo chini ya minazi mwaka hadi mwaka bila kurudisha kitu, mihogo nayo inaichukua. Lakini potashi nyingi imo katika makumbi, yale unayoyaacha yakichomwa ovyo! Kabla ya masika chimba mtaro kuzunguka mnazi, kama hatua mbili kutoka shinani, kina cha nusu mita. Panga makumbi humo kwa tabaka, upande wa ndani ukitazama juu, kisha fukia. Yatashika maji wakati wa kiangazi, na yakioza yatarudisha potashi. Vigogo vya minazi iliyokufa usiviache vioze juu ya ardhi, ndimo chonga anamozaa. Ukitaka kujua udongo wako una upungufu gani, kituo cha utafiti cha Mlingano, huko Muheza, kinashughulika na udongo. Muulize bwana shamba au bibi shamba wako namna ya kupeleka sampuli.

Ukiwaona majimoto juu ya mnazi, usiwaue. Wanauma, ni kweli, na mkwezi hawapendi. Lakini wao ndio wanaomfukuza mdudu anayefyonza nazi changa, zikaanguka au zikabaki na makovu na nyama kidogo.

Jambo la pili, kuangua. Hapa ndipo wengi tunapoharibu kazi ya mwaka mzima. Mnazi wenye afya hutoa karibu kole moja kila mwezi. Basi hesabu ni rahisi: ukipandisha mkwezi kila miezi miwili, akate makole mawili ya chini, basi. Kole la tatu lina miezi 10 tu, hilo ni koroma. Lakini ada ya shule inadaiwa, au Ramadhani imekaribia na nazi inatakiwa sokoni, tunamwambia mkwezi akate yote. Sokoni utapata hela, sikatai. Ila koroma usiichanganye kwenye mbata. Ikikauka hunywea, huwa kama mpira, mafuta yake ni machache na huota ukungu upesi.

Nazi zilizokomaa ziweke kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kufua, zikamilike. Usizisahau zikaota, kwani joya likijaa ndani linakula yale mafuta uliyoyangojea mwaka mzima.

Jambo la tatu, kukausha. Nyama mbichi ni maji karibu nusu ya uzito wake. Mbata nzuri inabaki na asilimia 6 au 7 tu. Ukipasua nazi asubuhi, ianike asubuhi ile ile, juu ya kichanja au mkeka, si mchangani. Mvua ya vuli ikikukuta, tumia moto wa vifuu, maana makumbi yana moshi mwingi na moshi huingia kwenye mafuta. Mbata iliyoota ukungu isikamuliwe. Ukungu mwingine hutoa sumukuvu, hubaki hata katika mashudu, na ng'ombe akila mashudu hayo, sumu huweza kufika kwenye maziwa ya watoto wako.

Basi, ndugu mkulima, nakupa kazi ndogo. Zamu ijayo ya kuangua, chukua nazi moja ya kole la chini kabisa na moja ya kole la nne. Zipasue zote mbili, pima unene wa nyama kwa kidole, kisha zianike pamoja kwa siku saba. Mwite na jirani aone. Baada ya hapo hutahitaji mimi nikuambie ni kole gani likatwe na lipi lingoje.